Watu Arobaini na Wawili wa Hatua Nne

1

Siku ya mkutano mvua ilipiga bati la ukumbi wa Kiwindi kwa nguvu hata wasemaji wakalazimika kurudia kila walichosema. Ndani walikuwemo watu mia mbili, kila mmoja ameketi katikati ya duara jeupe lililochorwa sakafuni, hatua nne kutoka kwa jirani yake. Wengine walisimama nje na miavuli, nao wameachiana nafasi ileile, wakisikiliza kwenye spika zilizofungwa juu ya mlango.

Kifuani mwa kila mtu kilining'inia kidani cheusi, kikubwa kama kifungo cha koti. Ukimsogelea mwenzako kupita hatua zilizoruhusiwa, vidani vyenu vyote viwili vilitetemeka. Ukikaidi, vililia, na watu waligeuka kukutazama. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa Mkabo, ugonjwa uliokaba koo kwanza na mapafu baadaye, na pale Kiwindi palikuwa na watoto waliojifunza kutembea bila kushikwa mkono na mtu yeyote asiye wa nyumba yao.

Mwenyekiti wa baraza la mji, Bwana Osia Mbughi, alikuwa ameshasema yake. Kuanzia Jumamosi masharti yangelegezwa. Hatua nne zingekuwa hatua moja, soko kuu lingefunguliwa, na makanisa na misikiti ingejaza safu zake tena. Alitegemea makofi. Alichopata ni minong'ono.

"Mbona haraka hivyo?" aliuliza mzee mmoja wa safu ya mbele. "Mwezi uliopita tu nimezika."

"Kwa nini tusishuke polepole?" aliuliza mwalimu wa shule ya msingi. "Nne, tatu, mbili. Nina watoto hamsini darasani. Hatua moja ni sawa na hakuna."

Kijana wa kiwanda cha chai alitaka kujua kama akiugua kazini atalipwa, au ataambiwa ni uzembe wake. Mwenyekiti alijibu kwa maneno marefu yenye shukrani nyingi, na kila alipozidi kujibu ndivyo minong'ono ilivyozidi. Mwisho akafuta miwani yake, akampisha Sekela Mwakibete.

Ukumbi ukanyamaza.

Sekela alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kabla ya Mkabo alifundisha kemia sekondari. Sasa alifanya kazi Idara ya Hewa, na kila siku saa sita kamili mchana alisoma namba moja kwenye redio ya mji. Mafundi waliweka nyundo chini kusikiliza namba hiyo. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliacha kumenya. Ilikuwa hesabu ya hewa, na ilitoka kwenye pua.

Pua ni jina ambalo watu wenyewe walikuwa wameyapa masanduku ya kijivu yaliyofungwa kwenye nguzo, sokoni, mashuleni na kwenye milango ya nyumba za ibada, mia tatu na kumi na mawili kwa jumla. Kila pua ilivuta hewa ya kujaa ndoo moja, ikaipitisha kwenye utando wenye unyevu, na kuhesabu chembe za Mkabo zilizonaswa. Mashine kuu ilikusanya hesabu zote na kutoa wastani. Ukizidi kumi, watu walikaa hatua nne. Kati ya tano na kumi, hatua mbili. Ukiwa chini ya tano, hatua moja. Hatua hazikupunguzwa mpaka namba idumu siku kumi. Hiyo ndiyo sheria, na ilikuwa imechapishwa nyuma ya kila kidani kwa maandishi madogo.

Watu walimwamini Sekela kwa sababu hakuwahi kuipaka namba sukari. Aliwahi kusoma sitini na tisa huku sauti ikimkatika, lakini aliisoma. Siku kaka yake alipokufa alikuja kazini, akasoma hamsini na nne, akaenda msibani.

"Leo namba ilikuwa nne," alisema. "Jana nne. Juzi nne. Kwa siku kumi na moja mfululizo haijagusa tano. Sina la kuongeza."

Mwanamke mmoja akasimama ndani ya duara lake. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, jina lake Subilaga, lakini mji mzima ulimwita Mama Lugano kwa jina la binti yake wa pekee.

"Dada Sekela, shikamoo sikupi, sisi ni rika moja," alisema, na watu wakacheka kidogo. "Mimi namba sizijui. Nina binti wa miaka kumi na tisa, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Daktari ameniambia Mkabo ukimpata huyu hatuna la kufanya. Miaka miwili na nusu hajavuka geti. Sasa nakuuliza wewe, simuulizi mwenyekiti. Una mama mzee. Jumamosi utamtoa?"

Kabla ya kujibu, Sekela aligeuka kumtazama Mhandisi Ambwene Kasyupa, aliyekuwa amesimama ukutani karibu na mlango wa pembeni, mikono nyuma. Ambwene ndiye aliyezibuni pua na vidani. Yeye ndiye aliyemtoa Sekela darasani na kumfundisha kazi, na Sekela bado alimwita Mwalimu. Macho yao yalikutana. Ambwene akatikisa kichwa taratibu: ndiyo.

"Nitamtoa," Sekela alisema. "Jumamosi nitakuwa naye sokoni."

Mama Lugano alijitanda vizuri khanga yake.

"Basi na mimi nitamtoa wangu," alisema, akaketi.

2

Jumamosi asubuhi vidani vyote vilitetemeka kwa pamoja mara moja, kama kuaga, kisha vikatulia. Kwenye soko kuu watu walianza kwa kusimama mbalimbali kwa mazoea. Halafu muuza ndizi mmoja akavuka barabara, akamshika bega muuza maharage aliyekuwa akimpungia mkono kwa miaka miwili na nusu, na vidani havikusema kitu. Kuanzia hapo soko likaanza kupiga kelele. Watu walikumbatiana, wakalia, wakagombania bei pua kwa pua.

Sekela alikuja na mama yake, Tumwitike, mwenye miaka sabini na mitatu, aliyeishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwa bintiye, ingawa vidani vyao vilisajiliwa kama vya nyumba moja. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya. Lakini mbele ya genge la kwanza tu alirudi nyuma ghafla.

"Nini, mama?"

"Hakuna. Watu wengi. Nitakaa hapa kwenye ngazi nione tu."

Akakaa kwenye ngazi za benki ya zamani, mbali kidogo na umati. Sekela alidhani ni woga wa kukaa ndani muda mrefu, akamwacha.

Mama Lugano alikuja saa nne na binti yake. Lugano alikuwa mwembamba, macho makubwa ya njano kidogo, amesuka nywele zake siku hiyohiyo. Alitaka kugusa kila kitu. Alishika parachichi, akaliweka, akashika kitambaa, akamshika mkono mtoto asiyemjua na mtoto akamwachia. Alipomwona Sekela alikimbia, akamkumbatia kwa nguvu.

"Dada wa redio! Kumbe wewe mfupi!"

Wakacheka wote watatu. Mama Lugano alimshika Sekela mkono kwa mikono yake miwili na kusema neno moja tu, "Ahsante."

3

Siku ya tisa Lugano alianza kukohoa. Siku ya kumi na nne akazikwa. Watu walioingia makaburini walikuwa wengi na walisimama karibukaribu, kwa sababu namba ya siku hiyo, iliyosomwa na Sekela saa sita, ilikuwa tatu.

Sekela alikwenda. Mama Lugano hakulia na hakumtukana. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alipomwona.

Haikuwa nyumba hiyo tu. Wodi ya Mkabo ilijaa, ikafunguliwa nyingine kwenye bwalo la shule. Sekela alimfuata Ambwene ofisini kwake mara mbili kumuuliza inakuwaje hewa iwe safi na vitanda vijae. Mara ya kwanza alimwambia ni mafua ya msimu wa mvua, yanafanana. Mara ya pili alimwambia hospitali hutangulia kuogopa kabla ya kupima, asubiri wiki moja. Mwalimu wake hakuwahi kumpa jibu baya katika miaka yote. Akasubiri.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, alipita kwa mama yake kumpelekea maziwa. Tumwitike alikuwa barazani, amevua kidani, anakigonga kwenye ukingo wa kiti.

"Kimeharibika hiki," alisema. "Tangu ile Jumamosi. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara, kinatetemeka. Kanisani nimekaa nje wiki mbili. Nadhani nilikilowesha nikifua. Sikutaka kukusumbua, kazi zako nyingi."

"Cha mwenzako nacho kinatetemeka?"

"Wala. Changu tu. Watu wananishangaa ninavyorudi nyuma kama nimeona nyoka."

Sekela alikichukua kwenda nacho Idarani, ghala la zamani la chai juu ya kilima. Alikifungua kwa pini na kukiweka kwenye kisomeo cha kumbukumbu za vidani. Hakikuwa na unyevu wala ubovu. Kilikuwa kimefungwa kwenye hatua nne kwa amri maalumu, ile inayotumika kwa wagonjwa waliotengwa. Tarehe ya amri ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla ya kufunguliwa soko. Chini yake palikuwa na namba 42 na herufi mbili: A.K.

Alikaa akiitazama namba hiyo. Kama huyu ni wa arobaini na mbili, basi wapo arobaini na mmoja wengine.

Aliingia kwenye mashine kuu kutafuta orodha, akaipata bila taabu, maana hakuna aliyejishughulisha kuificha. Mwenyekiti Osia Mbughi alikuwa wa kwanza, akafuatiwa na mke wake, kisha watoto wao. Chini yao walikuwemo wajumbe wengine wa baraza, wazazi wao, wajukuu. Watu wote hawa walikuwa wametembea mjini wiki mbili hizo vidani vyao vikiwaonya kwa hatua nne, huku vya watu wengine vimenyamazishwa. Wa mwisho kabisa alikuwa mama yake.

Kisha akafungua hesabu ghafi za pua, zile zinazoingia kabla ya wastani kutolewa, ambazo hakuwahi kuwa na sababu ya kuzitazama. Wastani wa siku ya mkutano ulikuwa kumi na tatu. Leo asubuhi ulikuwa ishirini na sita.

4

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mapema leo."

Sekela aliweka kidani mezani. Ambwene alikitazama, akavua miwani, akaikunja.

"Umekifungua."

"Ni cha mama yangu."

"Najua ni cha nani."

Alikuwa mtu wa miaka sitini na minne, mrefu, mwenye vidole vyembamba vilivyozoea vitu vidogo. Hakujaribu kukana. Sekela angependa akane.

"Tulibadilisha kinachohesabiwa," alisema Ambwene. "Zamani pua ilihesabu kila ganda la chembe ya Mkabo, zima na lililopasuka. Sasa inahesabu mazima peke yake. Ganda lililopasuka haliambukizi. Huo si uongo, Sekela. Wewe ni mtu wa kemia."

"Ganda lililopasuka limetoka kifuani mwa mtu anayekohoa. Yakiwa mengi, wagonjwa ni wengi. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, hapa hapa, kwenye kiti hiki."

Ambwene aliifungua miwani, akaikunja tena.

"Kama mliamini ni sawa, kwa nini watu arobaini na mmoja wamebaki na hatua nne?"

"Hilo lilikuwa sharti la baraza. Nilitaka mji ufunguliwe, wao walitaka usalama wao. Nikawapa."

"Na wewe? Jina lako sijaliona."

"Simo. Changu kiko hatua moja kama cha watu wote." Alikishika kifuani. "Nilikwenda sokoni nikashikana mikono na mji mzima. Sikuwa najificha."

"Ulitaka nini, Mwalimu?"

Ambwene aligeukia dirisha. Nje, lori la viazi lilikuwa likipanda kilima kwa gia ndogo.

"Unakumbuka mke wangu alivyokufa," alisema. "Saratani, si Mkabo. Nyuma ya kioo, kwa sababu wodi ilikuwa ya hatua nne. Siku ya mwisho kioo kilifunguliwa, nikaingia, na kila nilipoinua mguu kidani kilikuwa kinalia. Akaniashiria nisimame, watu walikuwa wanatutazama. Nikasimama. Amekufa ananitazama nimesimama, Sekela, na kidani nilikitengeneza mimi kwa mikono hii. Wangapi wamekufa hivyo? Nani anasoma namba yao saa sita? Wazee wanaacha kula. Vijana wanajinyonga. Hakuna pua inayohesabu hayo."

"Ungeyasema. Pale ukumbini ungesimama ukayasema hayo, kwamba hewa bado ni kumi na tatu, lakini na kidani hiki nacho kinatuua, tuchague. Wangesikiliza."

"Wangeogopa. Uliwaona. Hata kwa namba nne walikuwa wanaogopa."

"Walikuwa na haki ya kuogopa!"

Alikuwa hajawahi kumpazia sauti. Wote wawili walishtuka. Sekela alishika ukingo wa meza na kuuliza swali alilokuwa amepanda nalo kilima.

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu ungesoma vibaya," alisema Ambwene kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo la kazi. "Watu hawaisikilizi namba. Wanakusikiliza wewe. Ungekuwa unajua, wangeisikia kwenye sauti yako siku ya kwanza. Ilibidi uwe unasema kweli."

Miaka mitatu Sekela alidhani yule mtu anauheshimu ukweli wake. Kumbe alikuwa ameupima kama anavyopima waya, akaona utabeba mzigo wake, akautumia.

"Mama Lugano aliponiuliza, nilikutazama. Ukanitikisia kichwa."

"Ndiyo."

"Ulijua namtuma yule binti wapi."

"Nilijua wengi watapona na wachache hawatapona. Sikumjua yeye." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama yako nilimwongeza mwenyewe. Baraza halikumtaka. Nilikupenda kama mwanangu, sikutaka upate msiba."

"Nitoe namba gani leo?" aliuliza Sekela. Sauti yake ilikuwa imetulia sasa, na hiyo ilimtisha Ambwene zaidi.

Akasogea mbele. "Sikiliza. Nimeliona kosa. Ilikuwa mapema mno. Leo usiseme lolote la zamani. Sema ishirini na sita. Sema hewa imechafuka ghafla, mvua, upepo, chochote. Jioni vidani vyote vinarudi hatua nne, orodha naifuta, hesabu inarudi kama zamani. Watu watatii kwa sababu ni wewe. Ukiwaambia tuliwadanganya, wataamini nini tena? Watavivua vidani wavitupe. Na Mkabo uko mtaani, wa ishirini na sita. Ukweli wako utazika watu wengi kuliko uongo wangu. Fikiria kama mwalimu, usifikirie kama mtu aliyekasirika."

Jambo baya ni kwamba alikuwa na hoja. Sekela alilijua hilo pale pale, na aliendelea kulijua kwa maisha yake yote.

5

Ilikuwa saa nne. Alikuwa na saa mbili.

Alishuka kilimani kwa miguu. Sokoni watu walibanana kwenye magenge. Mwanamume mmoja alikohoa ndani ya kiwiko, akaomba radhi, na mwenzake akampiga mgongoni akicheka. Msichana wa chai alimsalimia kwa kumshika mkono. Juu ya nguzo pua ilikuwa ikivuta ndoo yake ya hewa kwa sauti ndogo ya mtu aliyelala, ikihesabu sawasawa, ikituma hesabu sahihi mahali ambapo ingechujwa.

Akisema kama Ambwene alivyotaka, jioni hii watu hawa wangeachana hatua nne. Wengine waliokuwa mbele yake wangepona kwa sababu hiyo. Angeweza hata kuwahesabu. Na kesho saa sita angesoma tena, na keshokutwa, kwa sauti ileile, akijua. Siku nyingine baraza lingeona kuna sababu nyingine nzuri, na lingejua njia.

Akisema kweli, wengine wangevua vidani kwa hasira kabla ya jua kuzama, na baadhi yao wangekufa wakiwa wamekasirika.

Alitafuta njia ya tatu tangu genge la kwanza hadi la mwisho, hakuiona. Alichokiona ni kwamba mara ya kwanza mtu alikuwa amewachagulia watu hawa bila kuwauliza, akiwa na sababu nzuri. Sasa alikuwa anaombwa afanye vilevile yeye, akiwa na sababu nzuri zaidi.

Akapita kwa mama yake kwanza. Alimweleza yote akiwa amesimama. Tumwitike alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Siku ile nilikaa kwenye ngazi," alisema mwishowe. "Yule binti alinipungia mkono. Nikarudi nyuma, kidani kilikuwa kinanitetemekea. Nilidhani kimeharibika."

"Mama, mimi sikujua."

"Najua hukujua. Ungejua usingenitoa. Lakini nimeshakula chakula cha mtu, Sekela; nimekingwa wenzangu wakiachwa. Jina langu nalo ulitaje. Usiseme 'na wengine'."

6

Saa sita kamili taa nyekundu iliwaka chumbani mwa redio.

"Hapa ni Sekela Mwakibete, Idara ya Hewa. Namba ya leo ni ishirini na sita. Jana niliwasomea tatu. Ilikuwa ishirini na nne. Siku ya mkutano niliwasomea nne. Ilikuwa kumi na tatu. Hesabu ilibadilishwa na Idara kwa makubaliano na baraza la mji, na mimi sikuambiwa, lakini sauti mliyoisikia ni yangu. Kuna watu arobaini na wawili ambao vidani vyao havikushushwa. Nawasomea majina yao."

Akayasoma. Kufikia jina la kumi mtu alianza kugonga mlango, kisha kuupiga. Fundi mitambo, mama mtu mzima aliyekuwa hajasema neno, alisimama, akasukuma kabati likazuia mlango, akarudi kukaa.

"Wa arobaini na mbili ni Tumwitike Mwakibete. Ni mama yangu mzazi. Yuko hai. Sasa nawaomba, na mna haki ya kunikatalia: kaeni mbali kwa hatua nne. Si kwa sababu kidani kimesema. Vidani bado vimenyamazishwa. Pimeni kwa miguu yenu."

Mchana huohuo watu walirundika vidani mbele ya jengo la baraza na kuvichoma. Moshi wa plastiki ulifika hadi kilimani. Walisimama kuzunguka moto ule bega kwa bega, wakipiga kelele. Mwenyekiti Mbughi alitoroshwa kwa gari la taka. Mitaa mingine watu walijifungia bila kuambiwa na mtu. Mingine walisema hakuna Mkabo, haukuwahi kuwepo, yote yalikuwa namba, na wakaenda harusini.

Ambwene aliacha funguo za mashine kuu juu ya meza ya Sekela, bila barua, akaenda mwenyewe kituo cha polisi. Hawakuonana tena.

Katika wiki tatu zilizofuata walikufa watu sitini na wanane. Hakuna aliyeweza kusema ni wangapi waliouawa na uongo wa Ambwene na ni wangapi na ukweli wa Sekela. Yeye alijaribu kuwagawa, kwa tarehe, kwa mitaa, kwa siku za kuugua. Haikugawanyika.

Redio ilitafuta mtu mwingine wa kusoma namba. Alisoma siku nne, watu wakazima redio zao, akaacha.

7

Mama Lugano alikuja Idarani Alhamisi moja asubuhi. Alisimama mlangoni, hatua nne, alizihesabu kwa macho. Alikuwa amekonda. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika daftari la kuchukulia vipimo vya nguo.

Sekela aliinuka. Alikuwa ameyapanga maneno kwa siku nyingi. "Mama Lugano, naomba—"

"Usiombe. Sijaja kwa hilo. Siku ukiniomba msamaha nitalazimika kukujibu, na jibu sina." Akafungua daftari. "Yale masanduku yanasomwaje?"

"Pua?"

"Nataka kujua yanavyosomwa. Nifundishe. Mimi sitaki kusomewa tena."

Sekela alimtoa nje hadi kwenye pua ya ukutani. Alifungua kifuniko, akarudi nyuma hatua nne, na kumwelekeza kutoka pale. Bonyeza hapa. Huo ni utando. Namba ya juu ni maganda mazima, ya chini ni yaliyopasuka. Unajumlisha. Mama Lugano alifuata kwa kidole, taratibu, kama anayesoma kipimo cha kiuno. Aliandika. Akakosea kujumlisha, akafuta, akaandika tena.

"Kumi na tisa," alisema.

"Kumi na tisa. Sahihi."

"Inakumbuka ya nyuma?"

"Miezi sita. Na ya pua zote. Unabonyeza namba ya pua, halafu tarehe."

"Ya sokoni ni namba ngapi?"

Sekela alielewa. Alitaka kumwambia asifanye hivyo, akaona hana mamlaka hayo. "Mia moja na saba," alisema.

Mama Lugano alibonyeza. Aliweka tarehe ya Jumamosi ile mwenyewe, bila kuuliza. Kioo kidogo kiliwaka. Alisoma namba ya juu, akaiandika. Akasoma ya chini, akaiandika chini yake. Akapiga mstari kwa rula aliyoitoa mfukoni, akajumlisha polepole, akihesabu kwa vidole, na safari hii hakukosea.

"Thelathini na moja," alisema.

Mama Lugano alizungushia namba ile duara, akapuliza wino ukauke. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Kuna wanawake sita wako pale getini," alisema bila kumtazama. "Nao wana madaftari. Waambie waingie mmoja mmoja."